Vema kwa Wino Mwekundu

(Haya nimeyatoa kwenye daftari langu la miaka ya tisini, nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi huku Usagara. Binti yangu ndiye aliyenifungulia blogu hii na kunionyesha pa kubonyeza. Nimenakili kama yalivyo. Sikusahihisha kitu, na kwa mtu wa kazi yangu hilo si jambo dogo.)

Jumapili, alasiri. Mawingu yametanda juu ya Usagara tangu asubuhi, na mvua haitaki kunyesha wala kuondoka. Nami niko hivyo hivyo.

Sina huzuni, sina furaha. Nimekula, nimeoga, nimeitikia salamu za watu. Mke wangu, Mama Neema, ameniuliza mara mbili kama ninaumwa. Nimesema siumwi, na ni kweli siumwi.

Mezani kuna fulskepu mbili. Moja nimeshaiandika na kuisaini, ila chini kuna nafasi ya sahihi ya pili, na nafasi hiyo iko wazi. Nyingine haina kitu. Kesho saa mbili asubuhi mojawapo lazima iwe mkononi mwa msimamizi wa mtihani, mjini Mwanza, kabla hajafunga bahasha za kwenda chuoni. Nikipeleka ya kwanza, bado nina tumaini la kusoma chuo kikuu. Nikipeleka ya pili, tumaini hilo limekwisha. Ni hayo tu, lakini nimekaa hapa muda mrefu na kalamu sijaigusa.

Niandike kwa mpangilio, kama ninavyowasumbua wanafunzi waandike.

Mimi ni mwalimu wa darasa la saba niliyeishia darasa la saba. Serikali ilipotaka kila mtoto asome, walimu hawakutosha, ikatuchukua sisi tuliomaliza shule ya msingi na kutufundisha ualimu huku tukiwa tayari tunafundisha. Asubuhi nilikuwa mwalimu, jioni mwanafunzi, na mara nyingine somo la jioni ndilo nililolitoa kesho yake asubuhi. Hiyo ni miaka kumi na tisa sasa.

Baadaye nikasoma sekondari kwa posta. Bahasha ilikuja, nikajibu maswali, nikairudisha, nikasubiri nyingine. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya kama mtahiniwa wa nje, katikati ya watoto ambao wengine niliwafundisha mimi kusoma na kuandika. Walisimama nilipoingia chumbani, nikawaambia wakae, hapa wote ni wanafunzi. Nilipata alama za kutosha kuninyamazisha, si za kunipeleka kidato cha tano.

Kwa mtu kama mimi umebaki mlango mmoja. Chuo kikuu kina mtihani maalumu wa watu wazima, wale ambao hawakupita kidato cha sita lakini wamefanya kazi miaka mingi. Ukifaulu unaingia sawa na kijana aliyetoka shule ya bweni. Ila huendi kuufanya bila barua ya mwajiri. Afisa Elimu wetu alinizungusha miezi saba. Siku aliponipa alinitazama juu ya miwani akasema, "Mwalimu, barua hii naandika mara moja tu. Mkienda wote, nani atabaki na watoto?"

Mara moja tu. Nilimshukuru, nikaondoka.

Niseme ukweli kwa nini niliiomba, maana hapa hakuna wa kumdanganya. Si cheo, si kuvaa joho. Ni kwamba miaka miwili hii sisikii kitu moyoni. Naanza kipindi, kisha nashtuka kipindi kimekwisha na ubao umejaa mwandiko wangu, wala sikumbuki kuuandika. Hakuna aliyekufa nyumbani. Sijagombana na mtu. Wenzangu ofisini wanalalamika kila siku, mara kiwanda fulani kimeuzwa, mara ushirika umepunguza watu, mara wazazi wanatakiwa kuchangia kila kitu. Mimi nakaa kimya tu, wananiita mpole.

Mwaka huu nilianza na wanafunzi tisini darasani. Sasa hawazidi sitini. Wavulana wameenda ziwani, kwenye sangara. Wasichana wengine wako kwenye vichanja wanakausha mapanki, yale mabaki ya samaki viwanda vikishatoa minofu. Kila asubuhi naita majina, na asiyeitika wiki tatu namkata mstari kwa kalamu nyekundu. Nilipaswa kusikitika. Nilipiga mstari, nikaendelea na jina lililofuata.

Mama Neema alisema siku moja, akicheka nusu, "Wewe siku hizi unaishi kwa kengele. Ikilia unakula, ikilia unalala." Nikacheka pia, kwa kuwa ilikuwa zamu yangu ya kucheka.

Nilidhani chuo kitaniamsha. Hilo ndilo lililonifanya nisome usiku kwa kibatari kama kijana. Nilijiambia nikikaa darasani kama mwanafunzi, nikasikia jambo nisilolijua, huenda kitu ndani kitashtuka.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Mtihani ulifanyika kwenye bwalo la shule moja ya sekondari mjini, juu kwenye mawe, ziwa lote unaliona kwa chini. Tulikuwa watu wazima watupu. Sajini mmoja wa polisi. Karani wa ushirika aliyepunguzwa kazini. Bwana mmoja Mhindi mwenye duka la vipuri na mvi kichwani, ambaye alisema baba yake alimtoa shule ili akae kaunta na sasa baba hayupo wa kumkataza. Wote tulikuwa tumevaa kama tunakwenda kubatiza mtoto.

Langoni mwanamke mmoja akanipigia magoti kidogo. "Shikamoo, mwalimu."

Nikaitikia marahaba, nikamuuliza amenijuaje. Akanionyesha mfuko wa shati langu la kaunda suti. Kulikuwa na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. "Nani mwingine anatembea na nyekundu, mwalimu?"

Anaitwa Modesta. Ni nesi msaidizi huko Sengerema, wodi ya wazazi, umri wake naona haujafika thelathini na tano. Alivuka kwa feri Ijumaa, akalala kwa shangazi yake mjini. Matroni wake alimnyima ruhusa miaka miwili mfululizo, mwaka huu kakubali kwa shingo upande. "Nisipopita sasa," alisema, "nafasi yangu anapewa mwingine na mimi nabaki kubadilisha mashuka." Alisema kwa sauti ya kawaida tu, huku anafuta vumbi kwenye viatu vyake kwa kitambaa. Ndani tulikaa mstari mmoja, yeye nyuma yangu.

Swali la insha lilikuwa hili: soko huria limebadili nini katika maisha ya watu wa eneo lako? Nilifurahi, nadhani nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimelisomea. Nikajaza kurasa nne. Nikaeleza maana ya soko huria, nikataja faida sita na hasara sita, kwanza, pili, tatu, mpaka mwisho, na hitimisho likarudia utangulizi. Mwandiko wangu ni mzuri, watu wote husema. Niliposoma tena sikukuta kosa hata moja, na sikukuta kitu kingine chochote pia.

Kisha kengele ikalia.

Sijui niandikeje hapa. Ilikuwa kengele ya chuma, kipande cha reli kilichoning'inizwa, sawasawa na cha shuleni kwetu. Nikasikia miguu yangu inasimama. Nikafunika kalamu, nikaenda mwisho wa mstari wetu, nikaanza kukusanya karatasi.

Miaka kumi na tisa kengele ikilia mimi ndiye ninayekusanya. Sikufikiri. Nilinyoosha mkono na watu wakanipa. Hakuna aliyeuliza. Sajini wa polisi, mtu mzima, sare na tepe zake kaziacha nyumbani, akasema, "Samahani mwalimu, nimalizie kuandika namba," nami nikamjibu, "Haraka." Yule bwana wa vipuri alinipa na kushukuru. Nikafika kwa Modesta. Akanipa yake kwa mikono miwili, nikaiweka juu ya nyingine, nikazigonga mezani kingo zikae sawa.

Macho yakaanguka kwenye mstari wa kwanza wa insha yake. Nimeukariri, nitauandika: *Kabla ya viwanda, mvuvi alifika ufukweni akauliza nani nyumbani hajala, sasa anafika akauliza gari la barafu limekuja au bado.*

Nilisimama pale na furushi la karatasi kifuani. Mimi nimekaa na watoto wa watu hao miaka yote, nimewakata mistari, nimeandika kurasa nne juu yao jana hiyo hiyo, na sikuwahi kuliona jambo hilo mpaka nesi wa Sengerema alipolisema kwa mstari mmoja. Mkono ukaenda mfukoni. Nikatoa kalamu nyekundu nikaweka alama ya vema pembeni mwa sentensi yake. Kubwa, ile ya kumfurahisha mtoto.

"Mwalimu, unafanya nini?"

Alikuwa msimamizi, kasimama mbele yangu. Mzee mwembamba wa idara ya elimu ya watu wazima, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja.

"Nakusanya," nikasema.

"Nani kakutuma?"

Ndipo nikaziona karatasi mikononi mwangu, na yangu mwenyewe bado iko mezani nilipoiacha. Watu wakanitazama, na wale walionipa wakatazamana. Mtu mmoja akacheka huko nyuma, kisha akaacha.

Ofisini yule mzee hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alimuita na Modesta, akamwonyesha karatasi yake, akamweleza kwamba karatasi yenye wino mwekundu kabla haijafika kwa msahihishaji inahesabiwa imechezewa, na kwamba mimi nitaandika maelezo. Modesta akaitazama ile alama, lakini ilikuwa mbali na imeelekea upande wa mzee, hakujua ni ya vema au ya kosa. Msimamizi akamwambia anaweza kwenda. Alipofika mlangoni akageuka.

"Mwalimu, ulinipatia au ulinikosesha?"

"Hakuna mazungumzo hapa," msimamizi akasema, na mlango ukafungwa.

Tulipobaki wawili akanieleza. Zipo njia mbili. Ya kwanza, niandike kwamba ni bahati mbaya, mazoea ya kazi, na Modesta asaini pamoja nami kuthibitisha. Hapo karatasi zetu zote mbili zinawekwa kando mpaka kamati ikae, na kamati inaweza kunisamehe. "Itakaa lini?" nikauliza. Akainua mabega. Huenda kabla ya watu kuchaguliwa, huenda baada. Ya pili, niandike peke yangu kwamba niliinuka bila ruhusa, nikachukua karatasi ya mtu na kuiandika, mwenyewe hana habari. Hapo karatasi yangu inafutwa siku hiyo hiyo na yake inaendelea na safari kama za wengine.

"Wewe ni mwalimu mwenzangu," akasema, "nimekupa mpaka Jumatatu saa mbili. Nenda kapumzike."

Nikaenda. Nikapanda gari, nikarudi Usagara, nikala ugali. Mama Neema akauliza mtihani umekuwaje, nikasema umekwisha.

Leo asubuhi niliamka nikaandika ile ya kwanza. Lazima nikiri jinsi nilivyoiandika: kwa urahisi. Maneno yalikuja yenyewe, kwa mazoea ya kazi, bila kukusudia, tunaomba radhi. Nikaandika "tunaomba" kana kwamba na yeye ana la kuombea radhi. Nikasaini. Nikachora mstari wa nukta kwa ajili ya sahihi yake, na chini yake nikaandika jina lake kwa herufi kubwa.

Modesta alikuwa ameniambia langoni kwamba leo atarudi na basi la mchana kuwahi feri ya Kigongo. Mabasi ya huko yote yanasimama hapa njia panda, watu wananunua mahindi na maji, ni dakika kumi hivi. Nikakunja barua, nikatia mfukoni, nikachukua na kalamu. Ya bluu. Mama Neema alidhani nakwenda kanisani.

Njiani nilipanga maneno. Ningemwambia kamati ina huruma. Ningemwambia sisi sote ni watumishi, tusaidiane. Ningemwambia ni sahihi tu, hapa, kwenye nukta. Na najua angeisaini. Hilo ndilo linalonitia aibu ninapoandika sasa. Angeisaini dirishani bila kuisoma, kwa sababu mimi ni mwalimu na nimemwambia. Jana alinipa karatasi yake kwa sababu hiyo hiyo.

Basi likaja saa saba kasoro. Akina mama wa mahindi wakalikimbilia na beseni zao. Nilimwona kiti cha nne, dirishani, kitambaa cha kichwa ni kile cha jana. Nikasogea. Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya mfuko, umeshika barua.

Akaniona kabla sijafungua mdomo. Akasukuma kioo, akatoa kichwa. Hakuuliza maelezo nimeandikaje. Hakuuliza karatasi yake itafika au haitafika. Kelele zilikuwa nyingi, ikabidi apige kelele naye.

"Mwalimu! Ulinipatia au ulinikosesha?"

Kumbe hilo ndilo alilolala nalo.

Yale maneno yote niliyoyapanga hayakuwepo. Nikatoa mkono mfukoni, mtupu, nikauinua, nikachora alama ya vema hewani. Kubwa, kama ninavyoichora ubaoni ili watoto wa nyuma waione.

Modesta akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha akacheka mpaka mabega yakatikisika, akamgeukia mama aliyekaa naye, mtu asiyemjua hata kidogo, nikaona midomo yake ikisema, "Nimepata." Yule mama akampa mkono wa hongera bila kujua ni wa nini. Konda akapiga bodi mara mbili na basi likaondoka kuelekea Kigongo.

Nikabaki njia panda na barua mfukoni, haijasainiwa.

Ndiyo maana nimekaa hapa. Ningeweza bado kuipeleka hiyo barua ya kwanza bila sahihi yake, nikasema sikumpata. Nimelifikiria hilo, nikaona uso wa yule mzee akipokea, nikaona angekubali, maana amechoka na hataki kesi. Nimefikiria pia kuisaini mwenyewe kwa niaba yake. Kuiga mwandiko wa mtu si kazi ngumu kwa mwalimu. Nimeyafikiria yote mawili na naandika hapa kwamba niliyafikiria.

Mama Neema ameingia sasa hivi na chai. Akaziona fulskepu, akasoma iliyoandikwa, akageuza isiyoandikwa kutazama nyuma kama kuna kitu. Ikabidi nimwambie yote, tangu kengele. Alikaa kwenye kitanda. Yeye alishawaambia dada zake Magu kwamba mwakani mume wake atakuwa chuo kikuu, na dada zake si watu wa kusahau.

"Na huyo nesi akifaulu," akauliza, "atajua ni nani aliyemwachia njia?"

Nikasema hapana, hawezi kujua.

"Na Afisa Elimu hatakupa barua nyingine."

"Alisema mara moja."

Akasimama, akachukua ile barua ya kwanza, akaikunja mara nne na kuitia chini ya mguu wa meza ule unaocheza. Meza ikatulia. Alipofika mlangoni akasema, "Basi hiyo nyingine uandike kwa wino wa bluu, Baba Neema. Nyekundu imetosha." Akatoka uani, na nimemsikia anapenga kamasi.

Nimeandika. Nainakili hapa ili ibaki.

*Mimi ndiye niliyeinuka baada ya kengele na kukusanya karatasi za watahiniwa bila ruhusa. Wao walinipa wakidhani nimetumwa. Kwenye karatasi ya mtahiniwa aliyeketi nyuma yangu niliweka alama kwa kalamu yangu. Mwenye karatasi hakuniomba na hakujua. Naomba karatasi yake isihesabiwe kuwa na kosa.*

Hapo msimamizi aliniambia nisaini. Nimeongeza mstari ambao hakuniagiza.

*Kukusanya kulikuwa mazoea. Alama haikuwa mazoea. Niliisoma sentensi yake kabla ya kuiweka, na ni alama ya vema, kwa kuwa alipata.*

Kisha nikasaini.

Nilitegemea nisisikie kitu, kama siku zote. Lakini nimeweka kalamu chini, na pale chini ya mbavu panauma. Nina uchungu wa chuo. Nimeutaka ule mlango kwa miaka, nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitalala wapi na nitavaa nini, na kesho saa mbili nitaufunga kwa mkono wangu. Inauma sana. Naandika neno hilo mara ya pili kwa makusudi: inauma.

Mvua imeanza. Mama Neema anaanua nguo na ananiita nikamsaidie.

Kesho napanda gari la kwanza kwenda mjini. Nikirudi nitawahi vipindi vya mchana, nitafungua daftari la mahudhurio niite majina tisini yote, pamoja na yale niliyoyakata. Na kalamu nyekundu itabaki nyumbani. Jina lisipoitikiwa sitapiga mstari. Nitauliza yuko wapi, na kama amekula.